Joto, kivuli au picha? Kuchagua kipimo cha kuamini kwa magimba ya barafu yaliyo ng'ambo ya Neptuni

Ukitafuta kipenyo cha Quaoar, gimba mojawapo la barafu lililo ng'ambo ya Neptuni, utakutana na namba zinazogombana. Darubini ya Hubble iliipiga picha, na mwaka 2004 watafiti wakatangaza kilomita 1260. Darubini ya Spitzer ikapima joto lake, na mwaka 2008 ikaja 844. Baadaye wakaja watu waliovizia Quaoar ikipita mbele ya nyota, nao wakasema 1110. Gimba ni lile lile. Halikukonda likanenepa tena kati ya ripoti moja na nyingine. Kilichobadilika ni njia ya kupima, pamoja na dhana ambazo kila njia hubeba mgongoni.

Kwa hiyo mwalimu anayeandaa somo, mwandishi wa makala au kikundi cha watazama nyota wanaotaka kufanya kazi yenye maana lazima wachague. Nitaziweka njia hizo bega kwa bega na kusema wazi ninayoipendelea. Ila neno moja kwanza: anayeuliza "ipi ni bora?" hapati jibu mpaka aseme anatafuta nini. Ukubwa, weupe wa uso na densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo) ni mambo matatu tofauti, na hakuna kifaa kimoja kinachotoa yote matatu.

Tatizo lenyewe: nukta

Magimba ya Mkanda wa Kuiper, yaani ukanda wa magimba ya barafu ulio ng'ambo ya Neptuni, yako mbali mno. Quaoar iko mbali na Jua takriban mara 43 ya umbali wetu, na Eris, gimba jingine la huko lenye ukubwa unaokaribia wa Pluto, ilipogunduliwa ilikuwa mara 97. Katika darubini nyingi huonekana kama nukta tu, na nukta haina upana wa kupima. Kitu inachotupa ni mwangaza.

Mwangaza peke yake hudanganya. Usiku wa mbalamwezi, kanzu nyeupe iliyoanikwa kambani na ukuta mpana wa udongo vinaweza kurudisha nuru sawasawa machoni pa mtu aliye mbali. Wataalamu huita sehemu ya nuru inayorudishwa na uso "albedo": 0 ni weusi usiorudisha chochote, na 1 ni weupe unaorudisha yote. Sasa chukua nukta moja. Ukidhani albedo yake ni 0.04, yaani nyeusi kama makaa, unapata kipenyo fulani. Ukidhani ni 0.64, kipenyo kinashuka hadi robo, na ujazo unakuwa mdogo mara 64. Nukta ile ile, mwangaza ule ule.

Pluto imeshapitia hayo. Ilipogunduliwa mwaka 1930 wengi walidhani ni sayari nzito inayokaribia Dunia. Mwaka 1976 methani iliyoganda ikabainika juu ya uso wake, na barafu ya namna hiyo hung'aa. Kwa hiyo Pluto ilipaswa kuwa ndogo kuliko walivyodhani. Ikasinyaa vitabuni bila mtu kuigusa.

Njia ya joto

Nuru ya Jua inayofika kwenye gimba hugawanyika: sehemu huakisiwa, sehemu humezwa na kurudi angani kama joto. Kiasi cha nuru kinachofika tunakijua, kwa sababu tunajua umbali. Ukipima nuru iliyoakisiwa na pia joto linalotoka, una milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, yaani ukubwa na albedo. Gimba jeusi na kubwa hutoa joto jingi, na jeupe na dogo hutoa kidogo, hata kama vinang'aa sawasawa.

Usidhani ni joto la kuota moto. Uso wa gimba kama Quaoar uko kwenye nyuzi 230 hivi chini ya sifuri za Selsiasi. Kitu cha baridi kiasi hicho hutoa mionzi yake mingi kwenye mawimbi ya mikromita 70 hadi 100, ambayo unyevu wa hewa yetu huizuia. Ndiyo maana kazi hii ilifanywa hasa na darubini zilizorushwa angani: Spitzer kuanzia mwaka 2003, kisha Herschel kati ya 2009 na 2013, iliyolenga magimba takriban 130 ya huko nje. Heliamu iliyokuwa ikiipoza Herschel ilipoisha, dirisha hilo likafungwa. Darubini ya angani ya Webb ina macho makali, lakini mawimbi yake huishia karibu mikromita 28. ALMA, kundi la darubini za redio lililoko juu ya jangwa la Atacama nchini Chile, hulishika joto hilo mkiani tu, kwenye mawimbi ya milimita.

Sifa kubwa ya njia hii ni wingi. Huhitaji nyota, wala bahati, wala kusafiri. Unaelekeza darubini, unapima, unaenda kwenye gimba linalofuata. Karibu kila tunachojua kuhusu magimba haya kama kundi, kwamba mengi ni meusi na machache ni meupe sana, msingi wake uko hapa.

Udhaifu wake ni kielelezo. Lazima ukisie gimba linazunguka kwa kasi gani, ncha yake imeelekea wapi, na uso wake una mabonde kiasi gani, maana vyote hivyo huamua joto linaelekea upande upi. Kwa magimba meusi makisio hayo hayadhuru sana, kwa sababu karibu nuru yote imemezwa. Kwa meupe mambo ni magumu. Joto lenyewe ni kidogo, na kosa dogo la kuhesabu nuru iliyomezwa huvuruga kipenyo. Isitoshe, kifaa hukusanya joto la gimba na la mwezi wake kwa pamoja, bila kujua kinachotoka wapi. Eris imezungukwa na mwezi uitwao Dysnomia, mweusi na wenye upana wa kilomita 700 hivi. Ni mdogo ukilinganisha na mama yake, lakini kwa kuwa ni mweusi mchango wake wa joto si wa kupuuzwa.

Nirudi kwenye ile 844 ya Quaoar. Ilipochapishwa ilikuwa na mkia: karibu kilomita 200 kila upande. Watafiti walikuwa waungwana, walisema wazi kwamba hawana hakika. Sisi wasomaji ndio tulioukata mkia tukabaki na namba inayoonekana kamili. Herschel, yenye uwezo mkubwa zaidi, baadaye ilileta 1074, ongeza au punguza 38. Ukiiweka karibu na ncha ya juu ya mkia ule, ugomvi unapungua sana.

Njia ya kivuli

Hii ndiyo ninayoipenda, na sifichi. Gimba likipita mbele ya nyota, nyota huzimika ghafla, kisha huwaka tena. Nyota iko mbali kiasi kwamba kivuli kinachoanguka Duniani kina ukubwa karibu sawa na gimba lenyewe, nacho hukimbia juu ya nchi kwa kasi ya kilomita ishirini na kitu kwa sekunde. Hesabu ni ya darasa la shule: sekunde ambazo nyota ilipotea, zidisha kwa kasi ya kivuli, umepata urefu wa mstari mmoja uliokata gimba. Watazamaji wakijipanga sehemu mbalimbali, kila mmoja ana mstari wake, na mistari ikipangwa pamoja umbo linajichora.

Eris ndiyo ushahidi mzuri. Darubini ya mawimbi ya milimita huko Hispania ilipima joto lake na kutoa kilomita 3000, kubwa kuliko Pluto kwa mbali. Spitzer ikasema 2600. Hubble, kwa picha, ikasema 2400. Tarehe 6 Novemba 2010 Eris ikafunika nyota hafifu, na sehemu mbili nchini Chile zikaona nyota ikizimika: San Pedro de Atacama kwa zaidi ya dakika moja, La Silla kwa nusu dakika hivi. Mistari miwili tu, na jibu likawa kilomita 2326, ongeza au punguza 12. Mwangaza wake ulipogawanywa kwa ukubwa huo, albedo ikatoka 0.96. Uso mweupe kuliko theluji mbichi, mahali ambapo Jua ni nyota kali tu.

Angalia jinsi albedo ilivyopatikana. Haikuhitaji makisio ya joto wala ya ncha. Ukishakuwa na ukubwa, mwangaza unakupa albedo moja kwa moja.

Kivuli pia hugundua vitu ambavyo hakuna aliyevitafuta. Mwaka 2017 Haumea, gimba jingine la huko lenye umbo refu, ilipofunika nyota, watazamaji wa Ulaya waliona nyota ikififia kidogo kabla na baada ya kuzimika: ilikuwa pete. Quaoar nayo ikaonekana na pete, iliyotangazwa mwaka 2023, tena mbali zaidi na gimba kuliko nadharia ilivyoruhusu. Na tarehe 8 Agosti 2020 gimba liitwalo 2002 MS4 lilikatwa na mistari 61, likatoa kipenyo cha kilomita 796 pamoja na alama ya bonde kubwa pembeni.

Kasoro zipo. Kivuli hukuonyesha umbo la gimba kwa dakika ile tu. Lililorefuka kama Haumea linaweza kuwa limekugeuzia upande mwembamba. Mstari mmoja peke yake hukupa ukubwa wa chini kabisa, basi. Hewa nayo huharibu: Pluto ilipofunika nyota tarehe 9 Juni 1988, nyota haikukatika ghafla bali ilififia polepole, kwa sababu nuru ilipita kwenye hewa nyembamba ya Pluto. Ugunduzi wa hewa hiyo ulikuwa zawadi, lakini kipenyo kikabaki na ukungu kwa miaka mingine 27. Na mbaya kuliko zote, huchagui wakati. Nyota inapaswa kuwepo, kivuli kipite penye watu badala ya bahari, na mawingu yasije.

Zamani kutabiri kivuli kilikuwa kamari. Setilaiti ya Gaia ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2013, ilipopima nafasi za nyota zaidi ya bilioni moja, kamari ikageuka ratiba.

Njia ya picha

Hapa nitapita haraka. Picha ndiyo njia inayoeleweka upesi kuliko zote, na kwa magimba haya ndiyo yenye manufaa machache. Eris kwenye kamera ya Hubble ilikuwa na upana wa pikseli moja na nusu hivi. Ni magimba machache mno makubwa yanayofaa, na hata hayo hutegemea jinsi unavyokisia kingo zake zinavyofifia. Kilomita 1260 za Quaoar zilikuwa na shaka ya 190.

Isipokuwa upeleke kamera yenyewe. Chombo cha New Horizons kiliondoka Duniani Januari 2006 na kupita Pluto tarehe 14 Julai 2015. Ikafunga mjadala: kilomita 2376 kwa Pluto, 1212 kwa Charon, mwezi wake mkubwa. Tarehe 1 Januari 2019 ikapita Arrokoth, gimba lenye urefu wa kilomita 36 hivi, mithili ya maandazi mawili yaliyogandana. Lakini hata kwa safari hiyo yote, densiti ya Arrokoth haikupimwa. Gimba ni dogo, chombo kilipita kasi, na mvuto wake haukutosha kukipinda. Umbo tunalo, uzito hatuna.

Mwezi kama mizani

Uzito hautoki kwenye joto, wala kivuli, wala picha ya gimba lenyewe. Unatoka kwa mwezi. Ukijua mwezi unazunguka kwa umbali gani na kwa siku ngapi, sheria za Kepler na Newton zinakupa uzito wa pamoja wa gimba na mwezi wake, bila kukisia chochote kuhusu uso. Mtaalamu wa nyota James Christy alipogundua Charon mwaka 1978, uzito wa Pluto ulipatikana kwa mara ya kwanza kwa njia ya kuaminika. Charon huizunguka Pluto kwa siku 6.4, mwezi uitwao Weywot huizunguka Quaoar kwa siku 12 na kitu, na Dysnomia huizunguka Eris kwa karibu siku 16. Kutokana na Dysnomia tulijua Eris ni nzito kuliko Pluto kwa asilimia 27, ingawa ni nyembamba kidogo kuliko Pluto.

Hapo ndipo picha za Hubble zinapostahili heshima yake: si kwa kupima gimba, bali kwa kuuona mwezi pembeni na kuufuatilia. Gimba lisilo na mwezi, kama Sedna kwa tunavyojua, halina mizani.

Wengine walijaribu njia ya mkato. Haumea hujizungusha mara moja kila saa 3.9, kwa hiyo walihesabu inapaswa kuwa na densiti gani ili kasi hiyo iirefushe kiasi kinachoonekana, kama kwamba ni tone la maji. Wakapata gramu 2.6 au zaidi kwa kila sentimita ya ujazo. Kivuli cha 2017 kikaonyesha Haumea ni kubwa kuliko walivyodhani, na densiti ikashuka hadi 1.9 hivi. Kumbe gimba si tone la maji.

Kwa nini kipenyo kibaya ni hatari kwa densiti

Densiti ni uzito uliogawanywa kwa ujazo, na ujazo hufuata kipenyo kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo huwa karibu asilimia 30 kwenye densiti. Mwaka 2010 watafiti walitumia kipenyo cha Quaoar cha kilomita 890 pamoja na uzito uliotokana na Weywot, wakapata densiti ya 4.2. Barafu ya maji ni karibu 0.9, na mwamba ni takriban 3. Namba ile ilisema Quaoar ni jiwe tupu, tena jiwe zito, na watu wakaanza kubuni migongano iliyoivua barafu yote. Kisha kivuli kikaleta 1110, na densiti ikaanguka hadi karibu 2. Mchanganyiko wa mwamba na barafu, kama jirani zake. Hadithi nzima ya migongano ilikuwa imejengwa juu ya kilomita mia mbili zilizokosekana.

Kwa sababu hiyo, mtu akikuonyesha densiti, usiulize kwanza uzito ulipatikanaje. Uliza kipenyo kilitoka wapi.

Namba hizi zikikaa sawa huwa na mengi ya kusema. Eris iko karibu 2.5, Pluto 1.85, Charon 1.70. Kisha 2002 UX25, yenye upana wa kilomita 650 hivi, ina 0.82 tu, chini ya barafu yenyewe. Lazima ina matundu ndani, kama mkate. Ukubwa wa nusu Charon, na ndani kuna nafasi tupu.

Bega kwa bega

Gimba | Joto (km) | Kivuli (km)
Eris | 3000 na 2600 | 2326
Quaoar | 844, kisha 1074 | 1110
2002 MS4 | 934 | 796

Joto halikosei upande mmoja. Kwa Eris na 2002 MS4 lilizidisha, kwa Quaoar lilipunguza. Kwa hiyo huwezi kulisahihisha kwa kutoa asilimia fulani kila mara.

Uchague lipi basi

Ukitaka kujua kundi zima lina sura gani, mangapi ni meusi na mangapi meupe, chukua namba za Herschel bila wasiwasi. Makosa ya gimba mojamoja hayataharibu picha ya jumla. Ukiandika kuhusu gimba moja, tafuta kwanza kama limewahi kufunika nyota mbele ya watazamaji wawili au zaidi. Kama ndiyo, shika namba hiyo na uziache nyingine. Kama hapana, tumia ya joto na uiandike pamoja na mkia wake. Picha za darubini ningeziacha kabisa kwa ukubwa, isipokuwa Pluto, Charon na Arrokoth. Kwa densiti, dai vitu viwili: mwezi kwa uzito na kivuli kwa kipenyo. Kikikosekana kimoja, densiti hiyo ni ya kusimulia, si ya kujengea nadharia.

Na kama wewe ni mmoja wa kikundi cha watazama nyota Nairobi, Arusha au Zanzibar, uchaguzi umeshafanyika. Herschel haipo tena, Hubble hutapewa kirahisi, lakini kivuli hakibagui nchi. Darubini yenye kioo cha sentimita 25 au 30, kamera ya video na saa inayotegemea GPS vinatosha kwa nyota zenye mwangaza wa kutosha. Usitegemee saa ya simu: kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde ni kilomita mbili au zaidi kwenye gimba. Sisi tulio karibu na ikweta tuna nafuu ambayo Ulaya hawana, kwa kuwa njia ya sayari hupita juu ya vichwa vyetu na magimba mengi hukaa karibu nayo. Afrika imeshaifanya kazi hii. Mwezi Agosti 2018 wanasayansi wa Senegal na wageni wao walisambaza darubini nchini humo kunasa kivuli cha Arrokoth, miezi michache kabla New Horizons haijafika.

Jambo moja ambalo wageni wa kazi hii hulisahau. Tarehe 3 Juni 2017 timu zilijipanga Afrika Kusini na Argentina kuisubiri Arrokoth, na hakuna hata mmoja aliyeona nyota ikizimika. Walirekodi, wakaweka saa, wakatuma. Data hizo tupu zilionyesha mahali ambapo gimba halikuwepo, na zilisaidia kulenga vizuri zaidi jaribio la tarehe 17 Julai kule Patagonia, ambapo darubini tano zilinasa kivuli na umbo la vipande viwili likaanza kuonekana. Kwa hiyo usiku wako ukipita na nyota ikabaki inawaka mwanzo hadi mwisho, usifute faili. Andika mahali uliposimama, saa uliyoanza na saa uliyomaliza, na neno "haikuzimika".